Ukoo wa Mikindani: korosho, mvua na kitabu cha Bakari

Mama Bakari: Nani yuko karibu na nyumbani? Mvua imeshuka ghafla na korosho ziko nje kwenye turubai. Bakari hapokei simu

Zuhura: Mama mimi niko Shangani, hata nikipanda bodaboda sasa hivi nitakuta zimeshalowa

Bakari: Nimeziingiza mama. Nisamehe sana. Zilizolowa ni kama debe mbili, zile za juu. Nilikuwa nasoma, bati lilipoanza kulia ndipo nikashtuka

Mama Bakari: Debe mbili Bakari. Korosho ikipata unyevu inashuka daraja, unalijua hilo tangu mdogo. Kesho jua likitoka unazianika zote upya, na unazigeuza mwenyewe

Bakari: Sawa mama

Mjomba Hamisi: Kitabu gani hicho kinamfanya mtu asione wingu?

Bakari: Shikamoo mjomba. The Lord of the Rings, kile kinene cha dada Zuhura. Kurasa zaidi ya elfu

Mjomba Hamisi: Marahaba. Si ndiyo yale ya mazimwi na wachawi? Panga juu ya panga, mwisho jemadari anashinda

Bakari: Hapana mjomba, ndiyo maana sikuweza kukiweka chini. Anayetakiwa kushinda siyo jemadari. Ni Frodo, mtu mwenye kimo cha mtoto, kabeba pete yenye nguvu za adui, anakwenda kuitupa kwenye mlima wa moto, ndani kabisa ya nchi ya adui. Yuko na Sam, mtunza bustani wake. Sasa Aragorn, ambaye ndiye mfalme, anachukua jeshi dogo analipeleka mpaka lango la adui. Anajua hawezi kushinda. Anataka adui atazame huku, wale wawili wapite kule

Bakari: Kila panga linalopigwa pale langoni mimi nawaza Sam na Frodo wamefika wapi

Mjomba Hamisi: Ahaa

Mjomba Hamisi: Hiyo ni karabai. Usiku wa giza tunawasha taa, dagaa wote macho kwenye mwanga, wavu unawazunguka kwa nyuma. Huyo mfalme kajifanya taa

Shangazi Mwanaidi: Hamisi umesema. Na mimi nimemkumbuka Fumo Liyongo. Yuko gerezani, mama yake anampelekea mkate wa wishwa, ndani kaficha tupa. Walinzi wanakula mikate mizuri, ule wa wishwa wanamwachia. Halafu anaomba apigiwe ngoma kabla ya kuuawa. Nje watu wanaimba kwa nguvu, yeye ndani anakata minyororo, sauti ya tupa haisikiki. Nimeifundisha miaka mingi, na kila mwaka darasa lilikuwa linanyamaza hapo hapo, kwenye tupa. Alipotoka na kuanza kuua walinzi, ndipo wanapumua

Zuhura: Shangazi hapo hapo kwenye tupa! Watu wanadhani riwaya hizi tunapendea mapigano. Mimi nayapenda, sikatai, lakini pigano lisilo na mtu wa kumhofia nalirukia kurasa. Na Tolkien, mwandishi wa hicho kitabu, aliyaandika aliyoyajua. Alikuwa askari kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza. Kuna kinamasi humo kitabuni, nyuso za wafu zinaonekana chini ya maji. Mwenyewe alisema kinamasi kile kina deni kwa Ufaransa baada ya Somme

Bakari: Pale nilisoma mchana, usiku nilishindwa

Mama Bakari: Wamefika wapi sasa hao wawili?

Bakari: Karibu na mlima mama. Maji yamebaki machache. Sam ametupa sufuria zake

Mama Bakari: Sufuria alizozibeba tangu kwao??

Bakari: Zile zile. Njia nzima alikuwa hawezi kuachana nazo, anapika hata porini, na chumvi yake anayo kwenye kikopo. Sasa mzigo umewashinda, akazitupa kwenye ufa. Zilivyogonga mawe zikishuka, moyo ulimuuma kuliko vitu vyote alivyotupa. Mvua ilinikuta hapo

Mama Bakari: Maskini. Mtu akitupa sufuria yake hategemei kupika tena

Shangazi Mwanaidi: 😢

Mama Bakari: Na yule farasi wao mdogo? Uliyenisimulia juzi tukibangua, waliyemwacha nje ya pango usiku na mbwa mwitu wako karibu. Alipona?

Bakari: Sijui mama, bado sijafika

Zuhura: Mimi najua

Bakari: Dada usiseme!!! Zimebaki kurasa chache

Mama Bakari: Zuhura nipigie