Savannah au Charleston: ukitoka Washington kwa treni, ushuke wapi?

Mgeni wa Reli
Habari za humu. Watu wazima wawili na mtoto wa miaka saba, tunatoka Washington, treni tu, gari hatukodi, siku tatu. Mji mmoja. Savannah ya Georgia au Charleston ya South Carolina? Tafadhali asije mtu kuniambia yote mizuri.

Fundi Mataluma
Anza na ratiba, mji baadaye. Zinazopita kote kuwili ni mbili: Palmetto ya mchana na Silver Meteor ya usiku. Palmetto inatoka Washington kama saa 4 asubuhi, Charleston saa 1 jioni na ushee, Savannah kama saa 3 usiku na hapo ndipo mwisho wake. Haina behewa la kulala. Meteor inatoka saa 1 na nusu jioni, Charleston saa 11, Savannah saa 1 kasoro.

Savannah ina ya tatu, Floridian, ile ya Chicago hadi Miami iliyoanza Novemba 2024, lakini inapita pale usiku mkubwa. Ukiwa na mtoto usiihesabu.

Kwenye viti, kondakta anabandika kikaratasi cha kituo chako juu ya siti. Ukihama siti, hama nacho. Usiku haamshi sura, anaamsha kikaratasi. Na milango haifunguliwi mabehewa yote, kwa hiyo akikwambia sogea behewa la mbele, sogea mapema na mizigo yako.

Binti Makadara
Charleston saa 11, basi imeisha hiyo. Mnafika, mnaoga hotelini, mnatoka kula cha mchana. Savannah saa 1 mtakaa wapi hadi chumba kiwe tayari?

Fundi Mataluma
Saa 11 ALFAJIRI, dada. Jogoo mwenyewe bado ana usingizi.

Binti Makadara
Hukuandika alfajiri. Asubuhi umeandika, jioni umeandika, hapo ukaacha. Tiketi ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, itamwandikia 5:00 AM, sasa mwenzetu akifuata maandishi yako ashuke wapi?

Babu Kinolo
Hapo kosa ni lako mjukuu wangu. Treni iliyotoka saa 1 na nusu jioni itafikaje Charleston saa tano za mchana halafu Savannah, iliyo mbele yake, saa 1 asubuhi? Inarudi kinyumenyume?

Binti Makadara
Babu, shikamoo, lakini nami si mtoto wa kuchekwa. Treni ya Marekani tuisome kwa saa ya Marekani, yaishe.

Babu Kinolo
Marahaba. Tuandike Kiswahili, saa tusome Kizungu? Hapana.

Fundi Mataluma
Haya, nimekosa kuandika neno moja. Alfajiri. Turudi kwenye treni. Ukilipia chumba cha kulala kwenye Meteor, nauli ina chakula ndani yake. Anayeshuka Charleston anaamshwa kabla mgahawa haujafunguliwa. Kifungua kinywa kalipia, hali. Wa Savannah anaweza kuwahi chai akiharakisha. Hiyo pekee inanitosha kusema Savannah.

Bi Hiliki
Mtu anachagua mji kwa sababu ya mayai ya kwenye treni! Charleston ndipo reli ya abiria ya mvuke ilipoanzia Marekani. Kichwa kile, Best Friend of Charleston, kililipuka siku ya Krismasi 1830, na nakala yake imewekwa Ann Street, karibu na kituo cha wageni. Kwa mtu anayejiita Mgeni wa Reli, swali lenyewe lisingeulizwa. Kisha ongeza International African American Museum, imefunguliwa Juni 2023 hapo hapo Gadsden's Wharf, bandari walikoshushwa watumwa. Mabasi madogo ya DASH katikati ya mji ni bure. Na chakula: pale utakula pilau. Si mfano, neno lenyewe ni pilau.

Fundi Mataluma
Krismasi 1830 ndiyo safari ya kwanza ya ratiba. Kililipuka Juni 1831. Mchochea moto alichoshwa na mlio wa valvu ya usalama, akaiziba. Mvuke ukakosa pa kutokea, tangi likapasuka, akafa yeye. Jambo la maana kuliko tarehe zote hizo: stesheni ya Charleston haiko Charleston. Iko North Charleston, kama kilomita 12 kutoka mji wa kale. DASH ya bure haifiki huko. Saa 11 alfajiri (ALFAJIRI) usitegemee basi, agiza teksi ya simu, na uiagize treni ikishasimama, maana ratiba ya karatasi na treni ni vitu viwili tofauti.

Kijana wa Gongo la Mboto
Stesheni iko nje ya mji, mji uko kivyake. Hii si Miritini hii? 😂 Wenzetu wa Mombasa watajisikia nyumbani.

Binti Makadara
Na stesheni ya Savannah iko sebuleni kwako? Nayo iko nje, kilomita kama 6. Ile ya katikati, Union Station, waliibomoa 1963 kupisha barabara kuu ya I-16. Mtu asimcheke wa Miritini.

Kijana wa Gongo la Mboto
Dada umeamka na saa gani leo, yetu au ya Marekani?

Binti Makadara
Ya kukujibu wewe.

Nahodha Mstaafu
Mnaacha jambo la bahari. Charleston ni rasi iliyo chini. Kipimo cha maji cha bandarini kikifika futi 7, barabara za chini zinaanza kujaa maji ya chumvi bila tone la mvua. Kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati wa bamvua, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujalipia hoteli karibu na Market Street. Maji kujaa hudumu saa chache tu, ila ukiwa unaburuta masanduku na mtoto, saa hizo ni nyingi. Savannah imejengwa juu ya kilima kando ya mto, kwa hiyo mjini kwenyewe hupati adha hiyo. Adha yake ni River Street: mawe ya mviringo na ngazi za mawe zilizosimama wima. Magurudumu ya sanduku yanang'oka pale. Hoteli ikiwa River Street, uliza kama ina mlango upande wa Bay Street juu, ushuke kwa lifti.

Mgeni wa Reli
Nahodha, asante sana. Hilo la bamvua sikulifikiria. Mtoto atapenda wapi?

Fundi Mataluma
Savannah, bila mjadala. Georgia State Railroad Museum ni karakana za zamani za Central of Georgia, zina meza ya kugeuzia vichwa vya treni na mabanda yaliyoizunguka. Na ni mwendo wa miguu kutoka mjini. Viwanja 22 vya miti vilivyobaki kati ya 24 vimepangwa kila baada ya hatua chache, mtoto akichoka kuna benchi na kivuli. Basi la dot bure, kivuko cha mtoni bure.

Mama wa Kivu
Msisahau First African Baptist Church, palepale Savannah, jengo la 1859. Sakafu ya chini ina matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio wa alama ya Wakongo, msalaba ndani ya umbo la almasi. Kanisani wanaeleza kuwa yalikuwa ya kupitishia hewa kwa watumwa waliojificha chini yake. Kwa sisi tunaotoka Kongo, hapo si mahali pa kupiga picha ukapita.

Bi Hiliki
Hakuna aliyenijibu la pilau. Kimya maana yake mmekubali.

Shamim wa Malindi
Hatujakubali kitu. Ile wanayoiita perloo haina bizari nzima. Haina hiliki, haina mdalasini. Ni wali wa supu. Tena wengi wanaanzia na mafuta ya nyama ya nguruwe, nawe unawaelekeza watu bila kuwaonya!

Bi Hiliki
Neno ni lile lile la Kiajemi. Wanaliandika pilau, perlo, purloo, wanalitamka karibu na "pelo". Pilau ni namna ya kupika: mchele ukaangwe kwenye mafuta na kitunguu, uive ndani ya supu, usikorogwe, kila punje isimame peke yake. Bizari mmeongeza nyinyi.

Shamim wa Malindi
Mmeongeza NYINYI? Pilau bila bizari ni uji uliokauka.

Mama wa Kivu
Na mikono iliyoupika wali ule haikutoka Ajemi. Matajiri wa mpunga wa Carolina walitafuta hasa watu wa pwani ya Afrika Magharibi, kama Sierra Leone, kwa sababu walijua kilimo cha mpunga. Wajukuu wao ndio Wagullah na Wageechee. Jina la chungu ni la Kiajemi, ujuzi ni wetu.

Shamim wa Malindi
Hapo nakubali, dada. La nguruwe bado halijajibiwa.

Bi Hiliki
Nakujibu. Kwenye red rice, ule wali mwekundu wa nyanya unaoupata miji yote miwili, bekoni au soseji ni kawaida. Kwa macho hujui, maana nyama hutolewa na mafuta hubaki. Swali usiulize "kuna nguruwe?", wataangalia vipande waseme hakuna. Uliza kitunguu kimekaangwa kwa mafuta gani, na supu ni ya nini.

Fundi Mataluma
Jamani, treni. Kurudi je? Palmetto inatoka Savannah kama saa 2 na dakika 20 asubuhi, Charleston saa 4, Washington saa 1 jioni. Meteor saa 1 na nusu jioni Savannah, Charleston saa 3 na robo usiku, Washington kama saa 1 asubuhi. Anayetaka miji yote miwili alale Savannah kwanza, siku ya mwisho apande Palmetto, ashuke Charleston, aunganishe na Meteor ya usiku. Saa 11 za kutembea mjini, na hapo 11 ni hesabu, si saa. Mizigo ulizia stesheni mapema kama wataishika. Kuchelewa kupo: reli ya huku ni ya CSX, kampuni ya treni za mizigo, sehemu nyingine ni njia moja, na treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya kupishania, ya abiria ndiyo inayoingia pembeni kusubiri.

Binti Makadara
Kwa hiyo Meteor ikichelewa saa mbili, Charleston unafika kumekucha. Ubovu wa ratiba unatibiwa na ubovu wa reli.

Fundi Mataluma
Umesema kweli, kwa mara ya kwanza leo.

Shamim wa Malindi
Bi Hiliki, huo wali mwekundu wanauvurugaje? Niliouona kwenye picha ni bokoboko tupu.

Bi Hiliki
Nyanya ya kopo. Wanapima vikombe viwili vya supu kwa kikombe kimoja cha mchele, halafu wanaongeza nyanya juu yake bila kupunguza supu. Nyanya nayo ni maji. Nyanya ikiwa kikombe kimoja, supu ishuke hadi kimoja na kidogo. Mchele uoshwe hadi maji yatoke safi, sufuria ifunikwe vizuri iingie ovenini, usifunue kabla ya dakika 30.

Mgeni wa Reli
Nimekata tiketi. Savannah, Palmetto kwenda, Meteor kurudi.

Shamim wa Malindi
Kikombe kipi lakini? Cha chai?

Bi Hiliki
Cha kupimia cha Marekani, mililita 240 hivi. Cha chai kitakuharibia.