CTLA4: mgonjwa wa ipilimumabu anaharisha akiwa Faza, tuanze wapi?

Kaskazi_Lamu
Asalaam aleikum. Mgonjwa wa melanoma (saratani ya ngozi), kilo 60, anatiwa ipilimumabu pamoja na nivolumabu, dawa za kuiachia kinga ishambulie saratani, Mombasa kila baada ya wiki tatu. Baada ya dozi ya pili karudi kwao Faza, kisiwani Pate. Leo siku ya tatu anakwenda choo mara sita, maji na kamasi, homa hana. Duka la dawa limempa loperamidi ya kufunga choo na metronidazoli. Barua yake yasema dawa inazuia CTLA4. Jeni ya kinga na tumbo wapi na wapi? Na apimwe jeni hiyo kabla ya kutibiwa?

Tabibu_Mokowe
Waaleikum salaam. Huenda ni kinga yake mwenyewe, iliyoachiwa na dawa, inayoshambulia utumbo. Loperamidi isimame leo hii. Itapunguza safari za chooni huku utumbo ukizidi kuwaka, nawe utakuwa umepoteza kipimo cha kujua kama anapoa. Utumbo uliovimba ukifungwa hivyo waweza kutanuka hadi kutoboka.

Hesabu mara zilizozidi kawaida yake. Kama kawaida ni moja, zimezidi tano: daraja la pili (nne hadi sita). Saba na kuendelea ni daraja la tatu, huyo wa kulazwa. Damu au maumivu makali ya tumbo vilevile usivilaze nyumbani. Na kutoka Faza asingoje kuzidiwa ndipo atafutiwe boti. Mnaijua njia ya boti ya Mkanda maji yakiwa yametoka.

Peleka kinyesi kipimwe ameba na bakteria, na kipindupindu msikisahau. Damu: potasiamu, kreatinini, homa ya ini B. Steroidi, dawa ya kutuliza kinga, isingoje majibu yote: prednisoloni miligramu 1 kwa kilo, yaani 60 asubuhi baada ya kula, na maji ya chumvi na sukari kwa wingi. Mtu wa kwetu atembeaye mchangani miguu mitupu mpe pia ivermektini miligramu 12 mara moja, kwa sababu minyoo ya strongiloidi ikikutana na steroidi husambaa mwili mzima. Siku tatu bila nafuu, apelekwe Mombasa: steroidi ya mshipa, na ikishindwa, infliksimabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, miligramu 5 kwa kilo, baada ya kuchunguzwa kifua kikuu. Daktari wake wa saratani apigiwe simu leo. Dozi ya tatu isitiwe.

Maabara_Malindi
Jeni yenyewe haiguswi na dawa, hilo liwe wazi. CTLA4 iko mkono mrefu wa kromosomu 2, eneo la 2q33, jirani na jeni za CD28 na ICOS. Ina ekzoni nne (vipande vyenye maelekezo ya protini), na protini yake, CTLA-4, ina asidi amino 223. Ili seli T, askari wa kinga, iamke sawasawa, haitoshi kuitambua antijeni (alama ya adui). Lazima protini yake ya CD28 ishike pia protini ya CD80 au CD86 juu ya seli inayoionyesha antijeni hiyo. CTLA-4 hushika hizohizo kwa nguvu zaidi, na hata huzing'oa na kuzimeza, CD28 ikakosa pa kushika. Seli T za udhibiti ndizo zenye CTLA-4 nyingi, na ndizo zinazofanya utumbo uishi na bakteria wake bila vita. Ipilimumabu ni kingamwili inayoikalia CTLA-4. Breki ikiachia, saratani inashambuliwa, na utumbo nao hauponi.

Kumpima jeni, hapana. Ile tofauti ya +49 A/G katika ekzoni ya kwanza, inayogeuza threonini ya 17 kuwa alanini, imehusishwa na ugonjwa wa Graves (wa tezi ya shingo) na kisukari aina ya kwanza, lakini haiamui tiba hapa. Jeni hupimwa kwa mtu ambaye hajawahi kutiwa dawa hizi, anaharisha miaka, chembe za damu zinashuka, na ndugu zake wana hali kama hiyo. Huenda nakala yake moja ya CTLA4 ni mbovu na iliyobaki haitoshi, hali iliyoelezwa mwaka 2014. Hao hufaidika na abataseptu, dawa ambayo ni sehemu ya nje ya CTLA-4 iliyoungwa na mkia wa kingamwili. Protini ileile: huyu anazuiwa, yule anaongezewa!

Kaskazi_Lamu
Ahsanteni. Metronidazoli iendelee? Steroidi ya mshipa ya methilprednisoloni hatuna, ila haidrokotisoni ipo. Na akipoa siku ya nne tusimamishe?

Tabibu_Mokowe
Metronidazoli ni ya ameba iliyoonekana, haitulizi kinga. Prednisoloni 60 ni sawa na haidrokotisoni 240: miligramu 60 mshipani kila saa sita. Kwa daraja la tatu huongezwa hadi mara mbili.

Kusimamisha siku ya nne ndilo kosa kubwa. Ipilimumabu hupungua nusu kwa takriban wiki mbili, kwa hiyo moto bado uko. Shusha 10 kila wiki: 60, 50, 40, 30, 20, 10. Vidonge vya miligramu 5 ni 294. Mpe vyote kabla hajapanda boti, la sivyo vitaishia katikati. Ongeza kotrimoksazoli kukinga nimonia ya nyumosisti (kuvu wa mapafu), na sukari ipimwe kila wiki.

Maabara_Malindi
Kabla ya kidonge cha kwanza toeni chupa moja zaidi ya damu: sodiamu, kotisoli ya asubuhi (steroidi ya mwili wenyewe), T4 huru (homoni ya tezi ya shingo) na TSH (homoni ya pituitari inayoiamsha tezi hiyo). Ipilimumabu hupenda kuvimbisha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na prednisoloni ikishaingia kotisoli haisomeki tena. T4 ikiwa chini na TSH isipande, tatizo liko pituitari, si shingoni. Thairoksini, dawa ya kujazia T4, isitangulie steroidi, mgonjwa ataanguka.