Laki saba, kompyuta ya mezani iendeshe macOS: Dell ya mtumba, Ryzen au Mac mini?

Mwana wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Nina kistudio cha kurekodi kaswida hapa Tanga na mkono umeshazoea Logic Pro, programu ya kurekodi ya Apple inayokaa kwenye macOS, mfumo wa kompyuta za Mac. Windows haina Logic, na Mac mpya siiwezi. Mfukoni nina laki saba. Nachanganywa na hizi tatu: Dell OptiPlex 7060 iliyotumika yenye prosesa ya Intel i5-8500, niunde mwenyewe kwa Ryzen (prosesa ya AMD) na kadi ya picha ya RX 580, au nisake Mac mini ya mkononi yenye M1, chipu ya Apple yenyewe. Mngekuwa nyie?

Fundi Chumbageni
Dell, bila kupepesa. Mac mini ya 2018 ilitoka na i5-8500B na picha ya UHD 630 iliyomo ndani ya prosesa. Ni ndugu wa damu na hiyo i5 yako, kwa hiyo macOS ikiwaka kupitia OpenCore, programu ya kuwashia macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple, haishangai sana. RX 580 sahau humo: kadi peke yake inakula mpaka wati 185, na pawa saplai ya ile Dell nyembamba ni wati 200 tu. Tena haiingii, boksi ni dogo. Kaswida haihitaji kadi. Hela hiyo weka kwenye ramu ifike GB 16, na SSD.

Binti Raskazone
Naunga mkono. Ryzen ni nzuri kwa magemu, ila Apple hajawahi kuuza Mac yenye prosesa ya AMD, kwa hiyo lazima uichokoe kernel (kiini cha macOS), na kila toleo jipya likitoka roho juu. Halafu RX 580 nyingi za mtumba zimetoka kuchimba sarafu za mtandaoni, usiku na mchana. Mwambie muuzaji aiwashe, sikiliza feni kwanza. Na asikuuzie GTX 1060, kadi ya Nvidia, eti "ni kali zaidi". Hizo kwa macOS ziliishia High Sierra, toleo la 2017.

(Mkikaa karibu na bahari kama sisi, fungueni boksi mara kwa mara. Chumvi inakula skrubu mpaka inatia huruma.)

Mgosi wa Korogwe
Mnamtia kijana kwenye shimo. Apple alishasema Juni 2025 kuwa toleo la Tahoe ndiyo macOS ya mwisho kwa Mac za Intel. Jichange, nunua M1. Inakula umeme kidogo sana, hata TANESCO wakikata, UPS ndogo inakupa muda wa kuhifadhi kazi.

Mwana wa Makorora
Mgosi, hoja yako naiona, ila M1 niliyoipata ni ya GB 8 na bei imepita laki saba.

Mgosi wa Korogwe
GB 8 kwenye M1 ni za kufa nazo, ramu haiongezwi. Kama unarekodi sauti nyingi kwa mpigo, basi hapo Fundi kanishinda. Kwa sasa.

Dogo Ngamiani
Nikiunda kama tano hivi nikauza zikiwa na macOS tayari?

Fundi Chumbageni
Acha, dogo. Leseni ya Apple inataka macOS ikae kwenye mashine za Apple tu, kwa hiyo hata huyu mwenzetu anafanya kwa hiari yake. Kuuza ni kesi nyingine: Psystar ya Florida, kampuni iliyouza kompyuta zenye macOS, ilishtakiwa na Apple 2008, mwaka uliofuata ikashindwa mahakamani.

Mwana wa Makorora
Naenda na Dell. Swali la mwisho: intaneti yangu ni bando la simu, Android. Nikichomeka waya wa USB itashusha macOS?

Fundi Chumbageni
Usiitegemee. Intaneti ya Android nyingi kwa waya macOS haiielewi. Ya iPhone inaielewa, azima kwa mtu. Au tafuta ruta yenye tundu la waya, kadi ya mtandao ya Dell hiyo ni ya Intel na haisumbui. Andaa bando la maana, mzigo unazidi GB 12.

Ukifika kwenye bayosi (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka), sehemu ya SATA, ya diski, huenda ukaikuta "RAID On". Geuza iwe AHCI, la sivyo utazunguka na fleshi yako na SSD haionekani. Secure Boot, kizuizi cha kuwasha mifumo isiyotambulika, zima. Anza na Sonoma, toleo la 2023. Tahoe imeondoa AppleHDA, dreva ya sauti, kwa hiyo tundu la spika la Dell litakuwa bubu. Kama unarekodia Scarlett ya USB (kifaa cha nje cha kuingizia sauti) halikuhusu, ila kwa nini ujitafutie matatizo?