MJADALA: Jembe lilimpunguzia mwanadamu mzigo au lilimwongezea?

Mleta mada:
Wakuu, shuleni tulikariri kwamba kilimo ndicho kilichomtoa mwanadamu kwenye shida. Mimi nabisha. Pale Abu Hureyra, Syria, mojawapo ya vijiji vya kale kabisa vya wakulima, watafiti walikuta mifupa ya wanawake imeharibika magoti, uti wa mgongo na vidole gumba vya miguu. Walikuwa wakipiga magoti saa nyingi kila siku, wanasaga nafaka juu ya jiwe. Bibi yangu alisaga ulezi vilevile, na nakumbuka alivyokuwa akijishika kiuno kila akinyanyuka.

Sasa watazameni Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hapa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda na kuokota vyakula vya porini, bila kulima. Wana mizizi, ubuyu, asali, matunda, nyama. Kimoja kikikosekana, kipo kingine. Mwenye shamba la mahindi mvua ikimkimbia, amekwisha. Halafu tunasema wao ndio wako nyuma!

Mchangiaji:
Mkuu, umewasahau watoto. Kwa Wahadzabe karibu nusu yao hawafikishi miaka 15. Mimi nimezika mtoto, usinisifie maisha ya namna hiyo. Kilimo kilileta uji, mama akaweza kumwachisha mtoto ziwa mapema, akazaa tena, watu wakaongezeka. Na pasipo ghala la chakula, nani angekaa chini kusomea udaktari?

Mleta mada:
Pole sana, ndugu yangu. Hiyo nusu siipingi. Ila kabla ya chanjo na maji safi, wakulima nao walizika watoto kwa wingi, tena surua na ndui ziliwakuta wamebanana vijijini. Kwamba udaktari umetoka ghalani, hapo umenishika. Lakini kati ya shamba la kwanza na chanjo ya kwanza imepita miaka elfu nyingi. Vizazi vyote vya katikati vilivuna nini?

Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini ili walime. Wengi waliugua, wapo waliokufa, na baadaye wengi wakarudi porini. Ndiyo maana hatimiliki ya kimila ya ardhi waliyopata mwaka 2011 katika bonde la Yaeda naithamini kuliko trekta. Chanjo iwafuate hukohuko. Kwani ni lazima mzazi ashike jembe kwanza ndipo mwanawe achanjwe?