Mpokeaji wa pembeni anayerudisha mikwaju: ajira mbili au moja?

Mwanga_Juu
Wakuu, heshima kwenu. Kuna dogo hapa Ujiji ana mbio za mita 100, sasa kang'ang'ania futiboli ya Kimarekani, anataka kuwa mpokeaji wa pembeni, yule anayekimbia mbele kudaka pasi. Mbona kule NFL, ligi kuu ya Marekani, wapokeaji wengi chipukizi wanatupwa kwanza kurudisha mikwaju, yaani kudaka mpira uliopigwa na wapinzani kwa mguu na kukimbia nao? Na kwa mazingira ya Kigoma aanze na zoezi gani?

RelyaKati
Mkuu, ni hesabu ya nafasi tu. Timu inasajili wachezaji 53, siku ya mechi hawazidi 48. Mpokeaji wa tano au wa sita hatupiwi mipira ya maana, kwa hiyo kocha anamuuliza: na kingine unajua nini? Tyreek Hill alipita mlango huo Kansas City 2016, kachaguliwa raundi ya tano ya kugawana chipukizi, akatisha kwenye kurudisha, ndipo akawa mpokeaji tegemeo. Devin Hester kinyume chake. Chicago Bears walijaribu kumgeuza mpokeaji, lakini kilichomwingiza Jumba la Mashujaa wa futiboli 2024 ni kurudisha. Super Bowl (fainali ya NFL) ya Februari 2007, mkwaju wa kwanza kabisa, yadi 92 mpaka tachidauni, yaani akaufikisha eneo la mwisho la wapinzani. Bears wakafungwa 29-17 vilevile.

Gungu_B
Naongezea: kazi yenyewe imebadilika. Kwenye mkwaju wa kuanzisha mchezo, tangu 2024 mpigaji anabaki yadi ya 35 ya upande wake, wenzake 10 wanasimama yadi ya 40 ya wapinzani, na hawasogei mpaka mpira uguse ardhi au mchezaji. Mpira ukiruka moja kwa moja hadi eneo la mwisho (nyuma ya mstari wa goli) na mrudishaji akatulia nao bila kukimbia, timu yake inaanzia yadi ya 35 ya upande wake (msimu wa 2024 ilikuwa 30). Hiyo ni zawadi kubwa mno, ndiyo maana wapigaji wanaushusha uwanjani na warudishaji wamepata kazi tena. Ila ukuta, ile safu ya wachezaji mbele ya mrudishaji, uko karibu. Dogo asijivunie mita 100, apimwe mita 10 za kwanza: hatua mbili, anachagua upenyo, anakata mara moja, anaingia. Anayecheza dansi nyuma ya ukuta anaangushwa yadi ya 22.

Kibirizi_jioni
Panti, mkwaju wa juu unaopigwa mpira ukidondoshwa toka mkononi, ndiyo inayofukuza watu kazi. Inakaa hewani sekunde 4 na zaidi, na ukiugusa ukakuponyoka, wapinzani wakiuwahi ni wao. Mwambie asome pua ya mpira, ile ncha yake ya mbele. Pua ikigeuka kuelekea chini, mpira unaenda mbali, arudi nyuma. Ikibaki juu, utadondoka mfupi, akimbilie mbele. Viwiko vikae karibu na mbavu, viganja juu, mpira utue tumboni, asiudake kwa mikono iliyonyooka. Halafu akikimbia nao, ncha moja katikati ya vidole, nyingine kwenye kiwiko. Visigino viwe yadi ya 10 toka mstari wake wa goli: mpira ukimvuka kichwani, auache. Na jioni ufukweni afanye akitazama ziwa, jua linamwingia machoni hasa. Akiweza hapo, anaweza popote.

Mwanga_Juu
Asanteni. Mpira wenyewe hatuna, wa soka unafaa?

Kibirizi_jioni
Kwa kudaka panti haufai, hauna pua. Tafuta hata wa raga, ni mnene kidogo ila unayumba hewani vilevile.

RelyaKati
Kama shabaha ni Olimpiki ya Los Angeles 2028, ile ni futiboli ya bendera (humwangushi mtu, unachomoa bendera ya kiunoni), watano kwa watano, mikwaju haimo kabisa. Huko akomae na kukimbia njia anazopangiwa na kudaka tu.