Wauza hedifoni, acheni kutuuzia za simu mkisema ni za laptopu!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira na siombi radhi.

Kuanzia Aggrey pale Kariakoo mpaka Luthuli Avenue kule Nairobi, mchezo ni uleule. Mwanafunzi anaingia dukani na laptopu begani, anasema anataka hedifoni ya bei nafuu, nyepesi, inayokunjika ikaingia kwenye begi, yenye maiki ya kuongelea kwenye Zoom. Muuzaji ananyoosha mkono juu ya shelfu, anashusha boksi lenye nailoni, anasema "chukua hii, inaingia kila kitu." Haiingii kila kitu! Kama anajua hilo, anadanganya. Kama hajui, anauza asichokifahamu. Kwa vyovyote, aliyepigwa ni mnunuzi, na boksi likishachanwa nailoni hakuna anayetaka kulipokea tena.

Tuanze na pini, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumizwa. Shika pini ya hedifoni ya waya uitazame kwa karibu, kile chuma chenye unene wa milimita 3.5. Utaona vijipete vya plastiki, vyeusi au vyeupe, vinavyokigawa. Hesabu. Vikiwa viwili, chuma kina vipande vitatu: ncha ni sikio la kushoto, kinachofuata ni la kulia, cha mwisho ni ethi, yaani njia ya umeme kurudia. Hapo hakuna njia ya maiki, hata kama kwenye boksi wamechora mtu anaongea na simu. Vikiwa vitatu, chuma kina vipande vinne, na cha ziada ndicho cha maiki. Ni jambo la sekunde tano, lakini boksi limefungwa na muuzaji hataki lifunguliwe mpaka ulipe. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hata vipande vinne havitoshi kukuhakikishia. Laptopu za sasa zenye tundu moja hufuata mpangilio wa CTIA: kushoto, kulia, ethi, maiki, kuanzia nchani. Upo mpangilio wa zamani, OMTP, ambao ethi na maiki vimebadilishana nafasi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha kabisa. Utajua ukichomeka: sauti inakuwa kama inatoka ndani ya pipa, ala zinasikika kwa mbali lakini mwimbaji hayupo, na kwenye kikao maiki haichukui kitu. Bonyeza kitufe cha kupokelea simu kilichopo kwenye waya, usikiachie. Kama mwimbaji anarudi na ukiachia anapotea tena, umepata jibu. Kitufe kile kinaunganisha njia ya maiki na ethi, kwa hiyo umeme unapata pa kurudia. Bila hapo, spika mbili zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na kila kilichorekodiwa katikati, yaani sauti ya mtu, kinajifuta. Hedifoni hiyo si mbovu, imeuzwa kwa mashine isiyo yake. Kipo kiunganishi kidogo cha kubadilisha OMTP kwenda CTIA, ila kwa nini mnunuzi alipie kosa la muuzaji?

Kisha kuna laptopu kongwe za mtumba, ambazo ndizo wanafunzi wengi wanazo. Nyingi zina matundu mawili, moja lina alama ya hedifoni na jingine alama ya maiki. Ukichomeka pini ya vipande vinne kwenye tundu la hedifoni utasikia tu, hutasikika. Hapo unahitaji waya wa Y, unaotenganisha njia ya kusikia na ya maiki. Na kwenye waya wa Y watu wanapigwa mara ya pili, kwa sababu dukani zipo aina zaidi ya moja na muuzaji anatoa iliyo karibu na mkono wake. Nitalirudia hapo chini kwa sababu linaulizwa sana.

Za Type-C nazo ni balaa. Baadhi ya iafoni za bei ya chini zenye pini ya Type-C hazina ndani yake DAC, yaani chipu ya kugeuza data kuwa sauti. Zinategemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa, jambo ambalo simu chache hufanya, na laptopu kwa kawaida haifanyi. Unachomeka, kimya. Muuzaji anachomoa, anachomeka kwenye simu yake, inaimba, anakuambia laptopu yako mbovu. Si mbovu! Iafoni ya Type-C inayofaa laptopu lazima iwe na DAC ndani, na dalili yake ni kwamba ukiichomeka, ndani ya sekunde chache jina jipya linatokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Jina halikutokea, usitoe hela.

Sasa Bluetooth. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Hedifoni ya Bluetooth ina njia mbili za kuzungumza na laptopu. Ya kwanza, A2DP, ni ya kusikiliza tu: sauti safi, kushoto na kulia. Ya pili, HFP, ni ya kupiga simu: inabeba maiki, lakini sauti inashuka na kuwa ya njia moja, kushoto na kulia kitu kilekile, sampuli 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kwa zilizo afadhali, wakati muziki wa CD una 44,100. Haziendi zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mara tu kikao kinapofunguliwa na maiki ya hedifoni ikaombwa, kila kitu kinageuka kuwa kama simu ya mezani. Watu wanadhani ni bando, wanabadilisha laini, wanahamia dirishani. Wengine wanarudisha hedifoni dukani na kuambiwa wapande bei wachukue ya juu, ambayo nayo ikiwa ni Bluetooth ya kawaida itafanya vilevile! Muuzaji aliyeuza mia za hivi vitu anakosaje kulisema hili?

Dawa yake haina gharama. Kwenye programu ya kikao, fungua mipangilio ya sauti: spika chagua hedifoni, maiki chagua ile ya ndani ya laptopu. Kwenye Windows 10 utaona hedifoni moja ina majina mawili, moja lina neno "Stereo" na jingine "Hands-Free". Chagua la kwanza na hakikisha hakuna programu inayoshika la pili. Maiki ya laptopu itaokota feni na majirani, hilo ni kweli, lakini wewe utasikia vizuri. Kuna teknolojia mpya ya LE Audio inayotibu tatizo hili, ila inataka hedifoni na laptopu zote mbili ziwe nayo. Kuandikwa Bluetooth 5.3 kwenye boksi pekee hakuthibitishi kwamba ipo.

Na hiyo 5.3 yenyewe ni toleo la Bluetooth, si kipimo cha uzuri wa sauti. "20 Hz hadi 20 kHz" ni masafa ambayo sikio la binadamu husikia, kila kiwanda kinaweza kuyachapa. Ila uongo unaoniudhi kupita wote ni wa herufi moja: ENC kuuzwa kama ANC. ENC husafisha sauti ya maiki yako ili unayeongea naye asisikie kelele za kwako. Haipunguzi hata punje ya ngurumo masikioni mwako. Inayopunguza ni ANC. Mtu anayesomea karibu na jenereta anauziwa ENC kwa bei ya juu, anaambiwa "hii inakata kelele." Inamkatia nani? Ukitaka kujua, vaa hedifoni bila muziki karibu na feni, washa ANC, zima, washa tena. Mvumo mzito wa chini unatakiwa kupungua waziwazi. Usiposikia tofauti, umebeba herufi tu.

Ubebekaji wenyewe, ambao ndio sababu ya mtu kutaka hedifoni ndogo, haujadiliwi kabisa dukani. Ichunguze bawaba, pale kikombe kinapokunjwa kuelekea ndani. Kama mkono wote ni plastiki iliyoshikwa na pini moja nyembamba, ufa utaanza hapo. Vuta utepe wa kichwani mpaka mwisho uone kama ndani kuna bamba la chuma. Tazama na waya unaovuka kutoka kikombe kimoja kwenda kingine: ukiwa nje kwenye kona ya bawaba, unabanwa kila unapokunja, na siku moja sikio moja linakufa. Kunja na kukunjua mara kumi palepale kaunta. Muuzaji akinuna, anune.

Sehemu ya pili inayokufa ni shingo ya pini, pale waya unapoingia kwenye plastiki. Shingo nzuri ni ya mpira unaopinda polepole. Mbaya ni ngumu, waya unatokea ghafla kama umechomekwa kwenye tofali. Piga muziki, upinde waya kwa vidole viwili kila upande, uuzungushe. Ukisikia mkwaruzo au upande mmoja kupotea, nyuzi zimeshaanza kukatika, na hiyo ni hedifoni mpya. Waya unaochomoka kikombeni ni bora kwa msafiri kwa kuwa ukifa unabadilisha waya peke yake, lakini angalia tundu: mengine ni ya milimita 2.5, na mengine yamezama ndani kiasi kwamba waya wa kawaida haufiki.

Sponji za ngozi bandia kwa joto la Dar au Mombasa hazina maisha marefu. Jasho na unyevu hulegeza ule utando wa juu, unaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda masikioni. Za kitambaa au sponji tupu zinavumilia zaidi. Koss Porta Pro, iliyoanza kuuzwa 1984 na bado inauzwa, ni ya sponji tupu na inakunjika ikatosha kiganjani, ingawa haizuii kelele za nje hata kidogo. Sony MDR-ZX110 ni mfano mzuri wa fujo ninayoisema: ZX110 tupu haina maiki, ZX110AP ndiyo yenye maiki, na zinafanana kama mapacha. Mwanafunzi anahitaji AP, anapewa tupu, na boksi lina picha ileile. Herufi mbili!

Kuna ile kauli ya kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi." Wakuu, kauli hiyo si ngao ya kila kitu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania, na Sura ya 31 kwa wenzetu wa Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Na ukimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hiyo kazi unayoitakia, ukategemea ujuzi wake, inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sema kwa sauti: nataka yenye maiki, ya laptopu yenye tundu moja. Halafu mwambie ayaandike maneno hayo kwenye risiti. Anayekataa kuandika alichokisema kwa mdomo sekunde kumi zilizopita, ondoka dukani kwake.

NYONGEZA, naona maswali yanajirudia:

Mwenye bajeti ndogo kabisa: nunua ya waya yenye vipande vinne, usinunue Bluetooth kwa bei hiyohiyo. Kwenye Bluetooth hela inagawanywa kwa betri, saketi na chaja kabla haijafika kwenye spika. Ukinzani wa spika wa omu 16 hadi 32 unatosha, laptopu yoyote inausukuma.

Ambaye tundu la laptopu limekufa: usikimbilie kwa fundi kama unataka vikao tu. Hedifoni ya USB, mfano Logitech H390, ina kadi yake ya sauti ndani na haihitaji lile tundu. Ubaya wake haikunjiki ikawa ndogo.

Aliyesema hedifoni yake ya Type-C haichaji kwa chaja ya laptopu: huenda kiwandani hawakuweka vipinga viwili vya kilo-omu 5.1 kwenye tundu lake, kwa hiyo chaja yenye waya wa Type-C pande zote mbili haioni kifaa na haitoi umeme. Tumia chaja yenye tundu la USB ya kawaida, ile pana, na waya wake. Itachaji.

Anayecheza gemu na kulalamika risasi inasikika baada ya adui kuanguka: ni ucheleweshaji wa Bluetooth. Kwenye video kicheza video kinaweza kuichelewesha picha ili iendane na sauti, kwenye gemu haiwezekani. Rudi kwenye waya.

Na ile ya waya wa Y. Kwa laptopu yenye matundu mawili na hedifoni yenye pini moja ya vipande vinne, unataka Y yenye TUNDU MOJA na PINI MBILI, pini zote mbili za vipande vitatu, mara nyingi moja imetiwa kijani au alama ya hedifoni na nyingine pinki au alama ya maiki. Ile yenye pini moja ya vipande vitatu na matundu mawili ni ya watu wawili kusikiliza pamoja. Wakikupa hiyo, mrudishie kabla hajakata risiti.