Kamati ya Uwakili: ahadi za 2027

Katibu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Baraza la Wazee limetukabidhi kampeni ya ahadi za 2027, yaani sadaka ambayo kila kaya inaahidi kwenye kadi kuitoa mwaka huo. Adventi ya kwanza mwaka huu ni 29 Novemba, kwa hiyo napendekeza kadi zirudi Jumapili ya 22. Nipeni maoni kabla sijampelekea mchungaji ratiba.

Baba Elia: Amina. Kwa nini tusingoje Januari? Watu wamezoea kuchukua bahasha mpya Januari.

Mama Upendo (Mhazini): Bahasha wachukue Januari, baba, lakini ahadi iandikwe Novemba. Januari ni ada, sare, madaftari, na kodi ya nyumba juu yake. Mtu akishika kalamu wiki hiyo anaandika kiasi cha woga, na akishakiandika hakipandishi tena mwaka mzima.

Mama Upendo (Mhazini): Halafu kuna bajeti. Tukiipitisha Desemba bila kujua ahadi, tunakuwa tumepitisha matumaini.

Mwl. Anna: Naunga mkono. Ila tusianze na kadi, tuanze na daftari la bahasha, lenye majina na namba ya bahasha ya sadaka ya kila mmoja. Kila mzee wa kanisa apewe orodha ya jumuiya yake na kalamu nyekundu: aliyehama, aliyefariki, kijana aliyeoa anayestahili namba yake mwenyewe, mjane ambaye bahasha bado ina jina la marehemu. Hiyo ya mwisho muiangalie sana. Familia ikiletewa kadi yenye jina la mtu waliyemzika, mazungumzo ya sadaka yameishia hapo.

Katibu: Wiki mbili zinatosha?

Mwl. Anna: Tatu. Jumuiya nyingine hukutana mara moja kwa wiki na mzee akisafiri imepita hiyo.

Baba Elia: Sawa. Sasa lengo. Tukisema milioni 54 kwa kaya 400, ni 135,000 kila kaya kwa mwaka. Tutangaze hivyo, kila mtu ajue deni lake.

Mama Upendo (Mhazini): Hapana baba, hapo ndipo kampeni nyingi zinapokufa. Mwenye uwezo wa 600,000 anatoa 135,000 na dhamiri yake imetulia. Bibi wa migombani anaona haimhusu, anaacha kabisa. Na neno "deni" lisisikike kanisani.

Mama Upendo (Mhazini): Tupange kwa ngazi. Tusitegemee kadi zote 400 kurudi, tuhesabu 280. Kwa mwezi:
10 × 100,000 = 1,000,000
30 × 50,000 = 1,500,000
70 × 20,000 = 1,400,000
110 × 10,000 = 1,100,000
60 × 5,000 = 300,000
Jumla 5,300,000, kwa mwaka 63,600,000. Toa asilimia 15 kwa ajili ya ahadi zisizokamilika (misiba, kuhama, kukosa kazi), inabaki 54,060,000. Hiyo ndiyo iingie kwenye bajeti, si 63.

Baba Elia: Nimekupata mama. Ngazi hizo zitatangazwa?

Mama Upendo (Mhazini): Ziwe za semina ya uwakili kwenye jumuiya, bila majina. Mtu ajipime mwenyewe.

Mzee wa Mtaa wa Juu: Shalom. Huku kwetu wengi ni kahawa na mahindi, mwezi hauna maana kwao. Kadi iwe na nafasi ya "kwa msimu".

Mwl. Anna: Sahihi kabisa mzee. Kadi iwe na visanduku vitatu: kwa wiki, kwa mwezi, kwa msimu. Na mzee akipokea ahakikishe kimoja kimewekwa alama. Kadi iliyoandikwa "10,000" tu haisomeki: kwa wiki ni 520,000 kwa mwaka, kwa mwezi ni 120,000. Ofisi ikikisia, mwisho wa mwaka mtu anaambiwa hajatimiza kumbe ametimiza.

Katibu: Nimeandika. Uchapaji je?

Mwl. Anna: Kadi mbili kwa karatasi moja ya A4. 400 na akiba 40 ni karatasi 220, nusu rimu haifiki. Kipande cha juu abaki nacho, cha chini kirudi kimefungwa ndani ya bahasha. Kadi ya wazi kwenye kikapu, jirani anasoma.

Kijana wa Teknolojia: Samahani wakubwa, kuhusu simu. Lipa namba tuliyonayo inaonyesha jina la mwenye laini tu. Baba akitumia simu ya mwanawe, sadaka inaingia kwa jina la mtoto asiye na bahasha. Bora malipo ya bili, yana sehemu ya kumbukumbu namba, hapo mtu anaandika namba ya bahasha.

Mama Upendo (Mhazini): Asante mwanangu. Hilo linanipa kazi kila Jumatatu. Namba ya bahasha ichapwe kwa wino mzito kwenye kipande anachobaki nacho.

Baba Elia: Na wanaorudi Krismasi kutoka Dar?

Mama Upendo (Mhazini): Wasiingie kwenye zile 280. Wana ahadi huko waliko. Tuwaandalie bahasha ya shukrani tarehe 25, basi. Tukiwahesabu mara mbili bajeti inavimba.

Mzee wa Mtaa wa Juu: Ambaye hatarudisha kadi?

Mwl. Anna: Tangazo moja tu kanisani. Baada ya hapo wazee wanapita nyumbani, wawili wawili, kabla ya 13 Desemba. Wakikuta kuna mgonjwa, wamwombee kisha waage. Kadi isitoke mfukoni siku hiyo.

Baba Elia: Na majina ya waliotimiza yasomwe? Inahamasisha.

Mama Upendo (Mhazini): Inahamasisha kumi, inafukuza thelathini. Kila robo mwaka nitatoa barua kwa kila bahasha, imefungwa: uliahidi, umetoa, asante. Kanisani tusome jumla tu.

Katibu: Baba Elia, upo nasi hapo?

Baba Elia: Nipo, ila jumla isomwe kwa kila mtaa 😀

Mzee wa Mtaa wa Juu: Hiyo sawa, mradi isomwe baada ya kahawa kuuzwa.

Katibu: Haya. Orodha za jumuiya zinatoka ofisini Jumapili baada ya ibada ya pili. Wazee mje na kalamu nyekundu, ofisini ipo moja.